Kutoka Uhaba hadi Uamuzi: Historia ya Lugha za Programu Zisizotofautisha Herufi Kubwa na Herufi Ndogo katika Vitambulishi

IKISIRI

Makala hii inachunguza chimbuko na mabadiliko ya kanuni inayozifanya baadhi ya lugha za programu za kompyuta zihesabu herufi kubwa na herufi ndogo kuwa kitu kimoja katika vitambulishi. Maelezo yaliyozoeleka hudai kuwa kanuni hiyo ni masalia ya mashine za zamani ambazo hazikuwa na herufi ndogo. Makala inaonesha kuwa maelezo hayo ni sahihi kwa FORTRAN, COBOL na BASIC, lakini hayatoshi kueleza Ada, ambayo iliwekewa kanuni hiyo wakati herufi ndogo zilikwishaenea. Hoja kuu ni kwamba kanuni hii ilipita katika vipindi vitatu: kipindi cha uhaba, kipindi cha urithi na kipindi cha uamuzi, na kwamba katika kila kipindi sababu zake zilikuwa tofauti ingawa sura yake ilibaki ileile. Aidha, makala inabainisha kuwa kanuni hii inatikiswa leo na wingi wa hati za dunia kuliko inavyotikiswa na maendeleo ya mashine.

1.0 Utangulizi

Kila anayejifunza kuandika programu hukutana mapema na swali dogo lenye matokeo makubwa: je, vitambulishi JUMLA, Jumla na jumla vinataja kitu kimoja au vitu vitatu? Katika lugha za C, Java na Python, jibu ni vitu vitatu. Katika Fortran, Pascal, Ada na Visual Basic, jibu ni kitu kimoja. Mwanafunzi aliyefundishwa lugha moja akahamia nyingine hulipata jibu la pili kwa njia ya makosa, kwani programu iliyokuwa ikifanya kazi hukataliwa, au hukubaliwa huku ikitenda jambo ambalo hakulikusudia.

Katika makala hii, kitambulishi ni jina ambalo mwandishi wa programu hulipa kigeu, funksheni au kitu kingine chochote ndani ya programu yake. Lugha isiyotofautisha ni ile inayokihesabu kitambulishi kuwa kilekile hata kama baadhi ya herufi zake zimeandikwa kubwa mahali pamoja na ndogo mahali pengine. Lugha inayotofautisha ni kinyume chake. Istilahi hizi zinahusu vitambulishi peke yake; maandishi yaliyofungwa ndani ya alama za nukuu kama data huhifadhiwa jinsi yalivyo katika lugha zote zinazojadiliwa hapa.

Maelezo ya kawaida kuhusu suala hili ni mafupi: zamani mashine hazikuwa na herufi ndogo, kwa hiyo lugha za zamani hazitofautishi, siku hizi mashine zinazo, kwa hiyo lugha mpya zinatofautisha. Maelezo haya yana udhaifu wa aina mbili. Kwanza, hayaelezi kwa nini lugha zilizobuniwa baada ya herufi ndogo kuenea ziliamua kutozitofautisha. Pili, yanaichukulia kanuni ya kutotofautisha kuwa upungufu tu, bila kuuliza inamnufaisha nani. Sehemu zinazofuata zinaujaza upungufu huo kwa kufuata historia ya mashine, misimbo na lugha zenyewe.

2.0 Kipindi cha Uhaba: Mashine Zisizo na Herufi Ndogo

2.1 Urithi wa telegrafu na kadi za matundu

Uhaba wa herufi ulianza kabla ya kompyuta. Msimbo wa Émile Baudot, mhandisi wa telegrafu wa Ufaransa aliyeupatia hataza mwaka 1874, ulitumia vipashio vitano kwa kila herufi. Vipashio vitano vyenye hali mbili kila kimoja hutoa michanganyiko 32 tu. Herufi 26 za Kilatini hujaza sehemu kubwa ya nafasi hizo, na hata tarakimu zililazimika kuingizwa kwa hila ya kubadili zamu: alama maalumu ilitangulia kuiarifu mashine kuwa michanganyiko inayofuata isomwe kama tarakimu. Katika hali hiyo, seti ya pili ya herufi ilikuwa anasa isiyo na nafasi.

Kadi za matundu zilifuata mantiki hiyohiyo. Herman Hollerith alizitumia katika sensa ya Marekani ya mwaka 1890, na mwaka 1928 kampuni ya IBM ilitoa kadi ya safu 80 iliyodumu kwa miongo kadhaa. Katika msimbo wa kadi hizo, kila herufi iliwakilishwa na matundu mawili ndani ya safu moja: tundu moja la kanda na tundu moja la tarakimu. Kanda zilikuwa tatu. Kanda ya kwanza ilibeba A hadi I, ya pili J hadi R, na ya tatu S hadi Z. Yaani herufi tisa, tisa na nane, jumla 26. Hesabu ilikamilika. Herufi ndogo hazikusahauliwa kwa uzembe. Karani aliyepanga hesabu za reli, bima au sensa hakuwa na haja nazo, kwani jina la mteja lilisomeka vizuri kwa herufi kubwa.

2.2 FORTRAN na neno la biti 36

Kompyuta za kibiashara za miaka ya 1950 zilipokea kadi hizo kama mlango wao wa kuingizia data. Kompyuta ya IBM 704 ilikuwa na neno la biti 36, na kila herufi ilihifadhiwa kwa biti sita. Biti sita hutoa michanganyiko 64, ambayo inatosha herufi kubwa 26, tarakimu 10 na alama za hesabu na uakifishaji, lakini haitoshi kuongeza herufi ndogo 26 bila kuzifukuza alama nyingine zinazohitajika.

Ni juu ya mashine hiyo ambapo John Backus na wenzake wa IBM walitoa FORTRAN mwaka 1957. Kitambulishi cha FORTRAN kiliruhusiwa kuwa na herufi zisizozidi sita. Kikomo hicho kinaeleweka mara moja tukigawa 36 kwa sita: jina zima lilitoshea ndani ya neno moja la kumbukumbu, na kompaila iliweza kulinganisha majina mawili kwa tendo moja tu. Hivyo basi, umbo la kitambulishi liliamuliwa na umbo la mashine. Ni muhimu kusisitiza kwamba FORTRAN ya mwanzo haikuwa na kanuni ya kutotofautisha herufi. Kanuni haiwezi kuwepo pale ambapo hakuna cha kukitofautisha. Kilichokuwepo ni ukimya, na ukimya huo ndio uliotafsiriwa baadaye kuwa kanuni.

2.3 COBOL, LISP na BASIC

Lugha nyingine za kipindi hicho zilizaliwa katika mazingira hayohayo. COBOL, iliyotokana na kamati ya CODASYL mwaka 1959 na kuathiriwa sana na lugha ya FLOW-MATIC ya Grace Hopper, ilikusudiwa kusomwa na watu wa ofisini. Iliruhusu majina marefu ya hadi herufi 30 yenye vistari katikati, mithili ya MSHAHARA-GHAFI. Kwa kuwa herufi kubwa hazikuweza kutumika kuonesha mwanzo wa neno jipya ndani ya jina, kistari kilifanya kazi hiyo. LISP ya John McCarthy, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1958 katika taasisi ya MIT, nayo ilikaa juu ya IBM 704 na kurithi herufi zake.

BASIC, iliyobuniwa na John Kemeny na Thomas Kurtz katika Chuo cha Dartmouth na kuanza kufanya kazi mwezi Mei 1964, haikutegemea kadi. Wanafunzi waliandika moja kwa moja katika mashine za teleprinta. Hata hivyo, teleprinta zilizoenea zaidi katika miaka hiyo, hususani Teletype Model 33, zilichapa herufi kubwa peke yake. Kifaa kilibadilika, uhaba ukabaki.

3.0 ALGOL 60: Karatasi Inapotangulia Mashine

Itakuwa makosa kudhani kwamba wabunifu wa kipindi hicho hawakulifikiria suala la herufi. Ripoti ya lugha ya ALGOL 60, iliyohaririwa na Peter Naur, inaorodhesha herufi 52: ndogo 26 na kubwa 26, zote zikiwa alama tofauti. Wabunifu wake wengi walikuwa wanahisabati, na katika hisabati ni jambo la kawaida A kuwa matriksi na a kuwa namba ndani ya ukurasa mmoja. Kwao, kuzihesabu mbili hizo kuwa kitu kimoja kungekuwa kupoteza nusu ya alfabeti.

Ripoti hiyo ilipata suluhisho la busara kwa tatizo la mashine. Ilizigawa sura za lugha katika ngazi tatu: lugha ya rejea, inayoeleza kanuni, lugha ya uchapishaji, inayotumika katika vitabu na majarida, na uwakilishi wa mashine, ulioachwa mikononi mwa kila kituo cha kompyuta. Matokeo yake yalikuwa ya kutazamiwa. Katika majarida, programu za ALGOL zilichapwa kwa herufi ndogo nadhifu huku maneno tengwa yakiwekwa kwa herufi za kukoza. Katika mashine nyingi, programu hizohizo ziliandikwa kwa herufi kubwa tupu, na maneno tengwa yakafungwa kwa alama za nukuu ili yasichanganywe na vitambulishi, mathalani 'BEGIN' na 'END'. Vitambulishi viwili vilivyokuwa tofauti kwenye karatasi viliweza kugongana ndani ya mashine.

Tukio la ALGOL 60 lina uzito katika mjadala huu kwa sababu linaonesha kuwa mitazamo miwili ilikuwepo tangu mwanzo. Mmoja uliziona herufi kama alama za hisabati, ambazo kila moja ina nafsi yake. Mwingine uliziona kama sauti zilizoandikwa, ambazo hazibadiliki maana kwa kubadilishwa umbo. Mashine za biti sita ziliuahirisha ugomvi kati ya mitazamo hiyo kwa kuunyima mmoja nafasi.

4.0 Kipindi cha Urithi: Herufi Ndogo Zinawasili

4.1 Msimbo wa ASCII

Toleo la kwanza la msimbo wa ASCII, lililotolewa Marekani mwaka 1963, lilikuwa na biti saba na nafasi 128, lakini herufi ndogo hazikuwa zimepangiwa nafasi zake. Ziliingizwa katika marekebisho ya mwaka 1967. Mpangilio uliochaguliwa ulikuwa na matokeo ya kudumu: A ilipewa namba 65 na a ikapewa 97, B 66 na b 98, na kuendelea hadi mwisho wa alfabeti. Tofauti ni 32 daima, yaani biti moja tu. Kwa mpangilio huo, kompyuta iliyotaka kupuuza tofauti ya herufi ilihitaji tu kuibadili biti hiyo moja. Kutotofautisha kukawa jambo rahisi mno kulitekeleza, na urahisi huo utakumbukwa tutakapofika katika sehemu ya 7.0.

Wakati huohuo, IBM ilitoa familia ya System/360 mwaka 1964 ikiwa na baiti ya biti nane. Nafasi 256 ziliondoa kabisa sababu ya kimashine ya kuzikataa herufi ndogo. Lakini kufikia wakati huo, programu nyingi za FORTRAN na COBOL zilikwishaandikwa kwa herufi kubwa, na makampuni, benki na maabara zilikuwa zikizitegemea.

4.2 Uamuzi wa Unix na C

Mabadiliko makubwa yalitoka katika Maabara ya Bell. Ken Thompson na Dennis Ritchie walikuwa wameshiriki katika mradi wa Multics, mfumo ulioruhusu herufi ndogo, kabla ya kuanza mfumo wao wa Unix mwaka 1969. Katika Unix, herufi ndogo ndizo zilizokuwa za kawaida: amri, majina ya mafaili na maneno tengwa ya lugha ya C yote yaliandikwa kwa herufi ndogo. Lugha ya C, iliyopata umbo lake mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilitofautisha herufi, na mapema tu ukajengeka utamaduni wa kuviandika vigeu kwa herufi ndogo na vitu visivyobadilika kwa herufi kubwa. Tofauti ya herufi ikaanza kubeba maana.

Hata hivyo, ulimwengu wa herufi kubwa haukutoweka usiku mmoja. Mtumiaji aliyeandika jina lake kwa herufi kubwa alipoingia katika Unix ya zamani alichukuliwa na mfumo kuwa anatumia teleprinta isiyo na herufi ndogo. Kuanzia hapo mfumo ulizigeuza herufi zake zote kuwa ndogo, na akihitaji herufi kubwa ya kweli alipaswa kuitanguliza kwa alama ya mkwaju wa nyuma. Mfumo uliotofautisha herufi ulilazimika kujua lugha ya vifaa visivyozitofautisha.

Ushahidi mzito zaidi wa nguvu ya urithi uko katika kiwango rasmi cha lugha ya C cha mwaka 1989. Kiwango hicho kinatofautisha herufi ndani ya faili moja. Lakini kwa majina yanayovuka mipaka ya faili na kuunganishwa na programu kiunganishi, kilihakikisha herufi sita za mwanzo tu, na kikairuhusu kompaila kupuuza tofauti ya herufi kubwa na ndogo. Namba sita si ngeni kwetu. Viunganishi vya baadhi ya mifumo ya wakati huo vilikuwa vimeundwa kwa ajili ya lugha za zamani, na C ililazimika kuishi navyo. Yaani miaka 32 baada ya FORTRAN ya kwanza, kivuli cha biti 36 kilikuwa bado kimeilalia lugha iliyojulikana kwa kutofautisha herufi. Kikomo hicho kiliondolewa katika kiwango cha mwaka 1999.

4.3 Ukimya unageuka kuwa kanuni

Kwa upande wa Fortran, herufi ndogo ziliruhusiwa na kompaila nyingi kabla hata ya kutambuliwa rasmi. Swali likawa: zikiingia, ziwe na maana gani? Kama jumla na JUMLA vingekuwa vitu viwili, mtu aliyeongeza mistari mipya kwa herufi ndogo katika programu ya zamani angezalisha vigeu vipya bila kujua. Hatari hiyo ilikuwa kubwa zaidi katika Fortran kuliko kwingineko, kwa kuwa lugha hiyo inaruhusu kigeu kitumike bila kutangazwa. Kigeu kipya kisingeleta malalamiko ya kompaila. Kingeleta jibu lisilo sahihi katika hesabu ya daraja au ya mzunguko wa hewa. Kiwango cha Fortran 90 kilizitambua herufi ndogo na kuzihesabu kuwa sawa na kubwa, na jina la lugha yenyewe likaacha kuandikwa kwa herufi kubwa tupu. Kwa hiyo, kanuni iliyotokana na uhaba ilithibitishwa upya baada ya uhaba kwisha, na safari hii sababu yake ilikuwa kulinda programu zilizokuwepo.

5.0 Kipindi cha Uamuzi: Pascal na Ada

5.1 Pascal

Niklaus Wirth aliitangaza Pascal mwaka 1970 akiwa Zürich, ambako kompaila ya kwanza ilifanya kazi katika mashine ya Control Data yenye neno la biti 60, sawa na herufi kumi za biti sita. Kwa chimbuko lake, Pascal ni ya kipindi cha uhaba. Lakini kiwango chake cha kimataifa kilichapishwa mwaka 1983, wakati kompyuta ndogo zenye herufi ndogo zilikwishaingia madarasani, na kiwango hicho kilieleza wazi kuwa ukubwa wa herufi hauna maana katika vitambulishi. Kwa lugha iliyotumika sana kufundishia, uamuzi huo ulikuwa na faida: mwanafunzi aliadhibiwa kwa kutoelewa, hakuadhibiwa kwa kubonyeza kitufe kisicho sahihi.

Inafaa kutaja kwamba Wirth mwenyewe aliacha msimamo huo. Lugha zake zilizofuata, Modula-2 na Oberon, zinatofautisha herufi na huyaandika maneno tengwa kwa herufi kubwa. Vivyo hivyo, Anders Hejlsberg, aliyeunda Turbo Pascal na Delphi zisizotofautisha, alikuja kuongoza ubunifu wa C#, inayotofautisha. Mifano hii inadhihirisha kuwa suala hili halikugawa watu katika madhehebu mawili yasiyosikilizana. Mbunifu mmoja aliweza kufikia uamuzi tofauti kwa kutazama mahitaji tofauti.

5.2 Ada

Mfano ulio wazi zaidi wa kutotofautisha kwa makusudi ni Ada. Katikati ya miaka ya 1970, Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilianza kutafuta lugha moja ya kuchukua nafasi ya lugha nyingi zilizotumika katika mifumo yake. Mahitaji yaliandikwa na kuandikwa upya katika nyaraka kadhaa, ya mwisho ikiwa ile ya mwaka 1978 iliyoitwa Steelman. Waraka huo ulitaka kila programu iweze kuandikwa kwa seti ya alama 55 tu, ambayo haina hata herufi ndogo moja, bila maana ya programu kubadilika. Sharti hilo peke yake lilifunga mlango wa kutofautisha: kama programu yoyote lazima iweze kuandikwa kwa herufi kubwa tupu, maana haiwezi kutegemea herufi ndogo.

Sharti la seti ya alama linaweza kuonekana kama uhaba wa zamani uliovaa nguo mpya. Lakini waraka huohuo ulisisitiza usomekaji na urahisi wa kutunza programu, na timu ya Jean Ichbiah, ambayo pendekezo lake lilichaguliwa mwaka 1979, ilijenga juu ya msingi huo. Programu za ndege au za mitambo ya ulinzi husomwa kwa miaka mingi na watu ambao hawakuziandika. Msomaji huyo akikutana na Kasi katika ukurasa mmoja na KASI katika ukurasa mwingine, atadhani ni kitu kimoja, kwa sababu ndivyo anavyosoma maandishi mengine yote ya maisha yake. Lugha inayomwambia kuwa ni vitu viwili inatofautiana na mazoea ya jicho. Na katika mazungumzo ya ana kwa ana au kwa simu, tofauti hiyo haisikiki kabisa. Ada ilichagua kuifuata tabia ya msomaji.

Faida nyingine ilijitokeza baadaye. Mwongozo wa Ada wa mwaka 1983 uliviandika vitambulishi kwa herufi kubwa tupu na maneno tengwa kwa herufi ndogo. Mwongozo wa mwaka 1995 ulibadili mtindo na kuviandika vitambulishi kwa kuanza kila neno kwa herufi kubwa. Programu zote za zamani ziliendelea kufanya kazi, na mtu aliweza kuchanganya maktaba za mitindo miwili bila kubadili hata mstari mmoja. Katika lugha inayotofautisha, mabadiliko kama hayo ya mtindo yangevunja kila jina lililotumika.

6.0 Njia za Katikati

Baina ya pande hizo mbili kuna lugha zilizochukua njia za kati, na baadhi yake zinafundisha zaidi kuliko pande zenyewe. Katika SQL, lugha ya hifadhidata, kitambulishi cha kawaida hugeuzwa kuwa cha aina moja ya herufi, ilhali kilichofungwa kwa alama za nukuu huhifadhiwa kama kilivyoandikwa. Kiwango rasmi kinataka kigeuzwe kuwa herufi kubwa, lakini mfumo wa PostgreSQL hukigeuza kuwa herufi ndogo. Tofauti hiyo haionekani hadi siku ambayo hifadhidata inahamishwa kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine, na majedwali yaliyotajwa kwa nukuu yakakosekana. PHP kwa upande wake hutofautisha herufi katika majina ya vigeu lakini haizitofautishi katika majina ya funksheni na madaraja, mgawanyo ambao msomaji hana budi kuukariri.

Jukwaa la .NET lilikabiliwa na tatizo la kuziishisha pamoja C# inayotofautisha na Visual Basic isiyotofautisha. Suluhisho lake lilikuwa kanuni ya pamoja: majina yanayoonekana hadharani, yaani yanayoweza kutumiwa na lugha nyingine, yasitofautiane kwa ukubwa wa herufi peke yake. Kanuni hii inakiri kimyakimya kwamba hata pale kutofautisha kunaporuhusiwa, kuwa na vitu viwili vyenye jina moja la kusikika ni desturi isiyopendekezwa.

Upo pia upande ambao ukubwa wa herufi umepewa kazi ya kisarufi. Katika Prolog, jina linaloanza na herufi kubwa ni kigeu. Katika Go, iliyotangazwa mwaka 2009, jina linaloanza na herufi kubwa huonekana nje ya kifurushi chake. Hapa herufi ni alama yenye maana kamili, kama wanahisabati wa ALGOL walivyotaka.

7.0 Changamoto ya Hati za Dunia

Hoja nyingi zilizotangulia zilijengwa juu ya dhana isiyosemwa: kwamba kila herufi kubwa ina herufi ndogo moja, na kwamba kuzigeuza ni kazi ya biti moja. Dhana hiyo ni kweli kwa ASCII, si kwa dunia. Alfabeti ya Kituruki iliyoanzishwa mwaka 1928 ina i yenye nukta na ı isiyo na nukta, kila moja ikiwa na herufi kubwa yake: İ na I. Kwa hiyo, herufi ndogo ya I inategemea lugha ya anayeuliza. Katika Kijerumani, ß kwa kawaida hugeuka kuwa herufi mbili, SS, zinapoandikwa kubwa. Katika Kigiriki, Σ moja ina herufi ndogo mbili, mojawapo ikitumika mwishoni mwa neno tu.

Matatizo haya si ya nadharia. Kwa miaka mingi, programu za PHP zilizowekwa katika mazingira ya Kituruki zilishindwa kupata madaraja yenye herufi I katika majina yao, kwa sababu mfumo uliigeuza herufi hiyo kwa kanuni za Kituruki. Waandaaji wa XML, lugha ya kuwekea alama iliyotangazwa mwaka 1998, waliliona hilo mapema: tofauti na HTML, waliamua kutofautisha herufi, kwa kuwa kutotofautisha katika hati zote za Unicode kungezua kanuni nyingi na mikanganyiko mingi zaidi. Lugha ya Scheme ilifuata njia hiyo; ripoti yake ya mwaka 1998 haikutofautisha, ile ya mwaka 2007 ikatofautisha. Ada ilibaki na msimamo wake, lakini ilipofungua milango kwa herufi za Unicode ililazimika kutegemea majedwali ya Unicode badala ya biti moja ya ASCII.

Aidha, hati nyingi hazina herufi kubwa kabisa: Kiarabu, Kiebrania, Kichina, na hati ya Devanagari ni mifano. Hati ya Kiarabu ndiyo iliyoandikiwa Kiswahili kwa karne kadhaa kabla ya maandishi ya Kilatini kushika nafasi, na msomaji wa tenzi za zamani hakuhitaji herufi kubwa ili kujua kuwa jina fulani ni la mtu. Kwa hati kama hizo, lugha isiyotofautisha haimpunguzii mwandishi chochote. Lugha inayoupa ukubwa wa herufi kazi ya kisarufi ndiyo inayomzuia: katika Go, jina lililoandikwa kwa herufi za Kichina au Kiarabu haliwezi kuonekana nje ya kifurushi mpaka litanguliziwe herufi kubwa ya kigeni. Kwa hiyo, wingi wa hati unazitia majaribuni pande zote mbili: unaifanya kazi ya kutotofautisha iwe ngumu, na unaifanya kazi ya kutofautisha kwa maana isiwe ya haki kwa wote.

8.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kuwa kutotofautisha herufi katika vitambulishi hakuna chanzo kimoja. Katika FORTRAN, COBOL na BASIC, kulianza kama matokeo ya misimbo ya biti chache na vifaa vya herufi kubwa peke yake. Herufi ndogo zilipofika, kulidumishwa ili kulinda programu zilizokwishaandikwa. Katika kiwango cha Pascal na katika Ada, kulithibitishwa kwa sababu inayomhusu binadamu: jicho na sikio havitofautishi neno kwa ukubwa wa herufi zake, na programu huishi zaidi mikononi mwa wanaoisoma kuliko mikononi mwa aliyeiandika.

Ushindi wa lugha zinazotofautisha unaelezwa kwa kiasi kikubwa na kuenea kwa Unix na C, na baadaye na ugumu wa kugeuza herufi katika hati za dunia. Ushindi huo haujalijibu swali la msomaji. Watafiti wa mradi wa Alice, uliokusudiwa kuwafundisha wasiobobea kuandika programu, walitumia Python na kukuta kuwa utofautishaji wa herufi uliwakwaza wanaoanza, wakaibadili lugha hiyo kwa ajili yao. Kwa hiyo, mbunifu wa lugha anayeamua kutofautisha anahamisha mzigo kutoka kwa kompaila kwenda kwa mtu. Anayeamua kutotofautisha anaurudisha kwa kompaila, na lazima awe tayari kuubeba kwa hati zote atakazozikubali. Kwa wanaobuni zana za kufundishia programu kwa lugha zao wenyewe, Kiswahili kikiwemo, suala hili linastahili kuamuliwa kwa hoja, kwa kumtazama atakayesoma, badala ya kurithiwa tu kutoka katika lugha iliyotangulia.